Madoa ya Metali kwenye Nyonga ya Kauri

Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, ambacho kilianza uzalishaji mwaka 1966 na ambacho wakazi wa Tegeta wamekizoea kwa vumbi lake na kwa malori yanayoingia Barabara ya Bagamoyo usiku na mchana, huchoma mawe ya chokaa na udongo katika tanuri ambamo mchanganyiko hufikia nyuzi joto 1,450 hivi za Selsiasi. Joto hilo linakaribiana sana na lile linaloivisha vichwa vya kauri vinavyowekwa katika nyonga bandia, na mafundi wa pande zote mbili wana adui mmoja. Saruji huwa ya kijivu hasa kwa sababu ya chuma kilichomo katika malighafi yake; anayetaka saruji nyeupe hana budi kutafuta malighafi isiyo na chuma karibu kabisa, na hata katika kusaga huepuka magololi ya chuma na kutumia ya kauri, kwa kuwa kiasi kidogo kinachomomonyoka kutoka kwenye magololi hutosha kuichafua rangi. Kwa mjenzi hasara hiyo huishia machoni, wala nyumba haianguki kwa ukijivu wa saruji. Kwa aliyewekewa nyonga ya kauri mambo ni tofauti, kwa sababu metali iliyobaki juu ya kauri inaweza kufika mpaka kwenye mpangilio wa atomi zake na kuulegeza uthabiti ambao kauri hiyo ilichaguliwa kwa ajili yake.

Nyonga ni kiungo ambamo kichwa cha mviringo cha fupa la paja huzunguka ndani ya kikombe cha fupanyonga, na mtu anapotembea mwendo wa kawaida kiungo hicho hubeba mzigo unaokaribia mara 2.5 ya uzito wa mwili wake. Kikiharibika kiasi cha kutofaa tena kwa dawa wala mazoezi, daktari bingwa wa mifupa hukiondoa na kuweka cha bandia chenye sehemu nne: mhimili wa metali unaoingizwa ndani ya fupa la paja, kichwa kinachopachikwa juu ya ncha ya mhimili huo, kombe la metali linaloshikiliwa na fupanyonga, na bitana ya plastiki au ya kauri inayowekwa ndani ya kombe ili kichwa kizungukie humo. Kwa mgonjwa wa Tegeta safari ya matibabu hayo huelekea mara nyingi Upanga, kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, yaani MOI, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, au kwenye hospitali ya Mloganzila, upande wa pili wa jiji.

Umri wa mgonjwa una uzito mkubwa katika mada hii. Katika nchi za Ulaya wengi wanaobadilishiwa nyonga ni wazee ambao gegedu zao zimelika, ilhali katika hospitali za Dar es Salaam, pamoja na wazee hao, wamo watu wa makamo na vijana walioumia katika ajali za barabarani, na wamo wenye selimundu, ugonjwa ambao seli nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo inayokilisha kichwa cha fupa la paja, mpaka mfupa unakufa kwa kukosa damu na kubonyea. Tanzania imo miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo, wakikadiriwa kufikia 11,000 kwa mwaka. Mtu anayewekewa nyonga bandia akiwa na miaka 28 anahitaji kiungo kitakachodumu miongo kadhaa, na hapo ndipo kauri huingia katika mazungumzo ya daktari na mgonjwa, kwa kuwa kichwa cha kauri, kilicho kigumu na laini kuliko cha metali, huikwangua plastiki ya bitana kidogo zaidi, na vumbi la plastiki ndilo linalouchokoza mwili kuula mfupa unaoshikilia kiungo. Gharama yake, bila shaka, ni kubwa zaidi, na si kila mgonjwa anayeelezwa tofauti hizo ana namna ya kuchagua.

Matumizi hayo yalianza na alumina, oksidi ya alumini, wakati daktari Pierre Boutin wa mji wa Pau nchini Ufaransa alipoweka nyonga za kauri juu ya kauri mwaka 1970. Alumina ni ngumu ajabu na haiathiriwi na kemikali za mwili, lakini ina tabia ya vyombo vyote vya kauri, kwamba ufa ukishaanza hauna cha kuuzuia. Katikati ya miaka ya 1980 ikaja zirkonia, oksidi ya zirkoni, ambayo uimara wake dhidi ya kuvunjika uliipita alumina kwa mbali. Zirkoni ilitambuliwa na mkemia Mjerumani Martin Heinrich Klaproth mwaka 1789, na madini yake si mageni katika pwani ya Waswahili: mchanga mweusi wa Kwale, kusini mwa Mombasa, ulichimbwa kuanzia mwishoni mwa 2013 hadi Desemba 2024, na mchanga wa namna hiyo umepimwa pia Fungoni, Kigamboni, eneo ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Temeke. Katika mchanga huo zirkoni haikai peke yake, bali imechanganyika na ilmenaiti na rutaili, madini ya titani. Kwa hiyo kauri ya kichwa cha nyonga na metali inayokuja kuipaka madoa huweza kutoka katika rundo moja la mchanga, hutenganishwa kwa sumaku, umeme na maji, kisha hukutana tena ndani ya mwili wa mtu.

Zirkonia ina maumbile matatu kulingana na joto. Chini ya nyuzi joto 1,170 atomi zake hujipanga katika fuwele za umbo lililoinama, liitwalo monokliniki. Kati ya nyuzi 1,170 na 2,370 hujipanga katika umbo la mche wima, liitwalo tetragonali. Na zaidi ya hapo, hadi kuyeyuka, huwa na umbo la mchemraba. Zirkonia tupu inapopoa na kurudi kwenye umbo la monokliniki hutanuka kwa asilimia 3 hadi 5, na kwa kauri, isiyojua kunyumbulika, mtanuko huo hutosha kuipasua vipande vipande. Dawa yake ni kuchanganya oksidi nyingine, na kwa nyonga iliyotumika zaidi ni itiria, oksidi ya itri, kiasi cha molekuli tatu katika kila mia, ambayo huzilazimisha chembe za zirkonia zibaki katika umbo la tetragonali hata kwenye joto la kawaida, ambako kwa haki yake zisingekuwemo. Mwaka 1975 Ronald Garvie na wenzake nchini Australia walionyesha kwamba kulazimisha huko kuna faida isiyotarajiwa: ufa ukianza, chembe zilizo kwenye ncha yake huachiwa nafasi, hugeuka kuwa monokliniki, hutanuka na kuubana ufa usisonge, mithili ya abiria anayepanua viwiko ndani ya daladala iliyojaa, ambaye hupata nafasi yake kwa kuwabana wa pembeni.

Faida hiyo ndiyo pia udhaifu wake. Kitu kilicholazimishwa kubaki katika umbo lisilo lake hutafuta sababu ya kulitoka, na mwaka 1981 watafiti wa Kijapani wakiongozwa na Kobayashi waliripoti kwamba zirkonia ya itiria ikikaa katika hewa yenye unyevu kwenye joto la nyuzi 250 hivi, uso wake hugeuka monokliniki pole pole bila kupigwa wala kubanwa na chochote. Maelezo yanayokubalika na wengi huanzia kwenye hesabu ya chaji. Atomi ya zirkoni hubeba chaji nne na ya itri tatu, kwa hiyo kila atomi mbili za itri zinapokalia viti vya zirkoni, kiti kimoja cha oksijeni hubaki kitupu ili hesabu ilingane, na viti hivyo vitupu ndivyo vinavyolishikilia umbo la tetragonali. Molekuli za maji zikivunjika juu ya uso, vipande vyake hupenya na kuvijaza viti hivyo. Chembe ya juu hugeuka na kutanuka, jirani zake hupata mkazo na nyufa ndogo mno, maji hupita katika nyufa hizo kufikia chembe za chini, na mchezo huanza upya. Jambo hilo huitwa uzee wa joto la chini. Kwa mujibu wa vipimo vya Jérôme Chevalier na wenzake wa Lyon, saa moja ndani ya mvuke wa nyuzi joto 134 huizeesha zirkonia kiasi cha miaka mitatu hadi minne ya kukaa mwilini, na kwa sababu hiyo mamlaka za Marekani na Uingereza zilionya dhidi ya kutakasa upya vichwa vya zirkonia katika mashine za mvuke. Onyo hilo linahusu moja kwa moja kila hospitali ambayo mashine ya mvuke ndiyo njia yake kuu ya kutakasa vifaa.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 2001. Kampuni ya Ufaransa iliyokuwa ikitengeneza vichwa vya zirkonia vya jina la Prozyr ilikuwa imebadili tanuri lake mwaka 1998, ikaacha lile la kuchomea fungu kwa fungu na kuweka tanuri la handaki ambalo vichwa hupita mfululizo, na katika baadhi ya mafungu yaliyotoka humo kauri haikushikamana sawasawa kwa ndani. Takriban vichwa 400 vilivunjika ndani ya wagonjwa katika muda mfupi, bidhaa ikaondolewa sokoni, na zirkonia ya itiria ikapoteza heshima yake katika nyonga mpaka leo. Hukumu hiyo ilikuwa kali, na pengine pana kuliko kosa, lakini ilifundisha kwamba uthabiti wa kauri hii hutegemea mambo madogo: ukubwa wa chembe, usambaaji wa itiria, vinyweleo vya ndani na hali ya uso wake.

Hali ya uso ndiyo inayoathiriwa na metali. Kichwa kipya cha kauri hutoka kiwandani kiking'aa, na kiwango cha kimataifa hutaka wastani wa ukwaru wake usizidi mikromita 0.02, yaani sehemu moja ya elfu hamsini ya milimita. Vichwa vinavyotolewa mwilini baada ya miaka huonekana mara nyingi na michirizi ya kijivu iliyokoza au myeusi, mingine mirefu kama mstari wa penseli, mingine mipana kama alama ya kidole chenye masizi. Asiyezoea huidhani ni mikwaruzo, ilhali ni kinyume chake: kauri ni ngumu kuliko aloi yoyote inayotumika katika nyonga, kwa hiyo metali ndiyo inayokwanguliwa na kauri ndiyo inayoondoka na ukoko wake. Kitambaa hakiufuti, huhitaji asidi kuuondoa.

Metali hiyo hufika kwa njia kadhaa. Wakati wa upasuaji, kichwa kinaporudishwa ndani ya kombe, huweza kupita kwenye ukingo wa titani na kuchukua mstari wake papo hapo, au kuguswa na kifaa cha chuma kilichotumika kukisukuma. Baadaye nyonga ikiteguka, kichwa hukaa nje ya kombe kikisugua ukingo, na kila jaribio la kukirudisha huongeza doa. Mtu anayechuchumaa sana, iwe chooni au katika kazi za nyumbani, huifikisha shingo ya mhimili kwenye ukingo wa bitana, na iwapo bitana ni ya kauri, shingo hujikwangua hapo. Isitoshe, ndani ya tundu la kichwa, mahali pasipoonekana, kauri hukutana na ncha ya mhimili kwa maisha yake yote. Aloi zinazohusika zaidi ni mbili: ile ya titani yenye alumini na vanadi, na ile ya kobalti yenye kromi karibu asilimia 28 na molibdeni kidogo.

Madhara ya kwanza ni ya kimakanika. Doa huinua uso, ukwaru huongezeka, plastiki ya bitana huanza kulika haraka, na msuguano huongeza joto pale pale palipo doa. Msuguano huo huziminya na kuzivuta chembe za juu, nazo, zikiwa tayari zimelazimishwa kukaa katika umbo lisilo lao, hugeuka. Watafiti waliovichunguza vichwa vilivyotolewa kwa wagonjwa wamekuwa wakitumia mwanga wa leza, ambao ukirudi kutoka kwenye fuwele hubeba alama ya umbo lake, na hivyo huweza kuonyesha, doa kwa doa, ni kiasi gani cha tetragonali kimekwisha kuwa monokliniki.

Madhara ya pili, ya kikemia, ndiyo yaliyochelewa kutambuliwa, na kundi la Giuseppe Pezzotti katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyoto limekuwa mstari wa mbele kuyaeleza. Hoja yao ni kwamba metali iliyokaa juu ya kauri haikai bure. Titani, kwa mfano, ina uroho wa oksijeni, na penye unyevu huivunja molekuli ya maji ili kuipata, ikiacha vipande vya maji vilivyo tayari kupenya ndani ya kauri. Na ioni za metali zenye chaji pungufu ya nne zikiingia katika fuwele hubadilisha hesabu ya viti vitupu, hesabu ile ile iliyowekwa kwa uangalifu na itiria. Athari si moja kwa metali zote, na hilo ni jambo la kuzingatiwa: swali la kuuliza juu ya doa lolote si ukubwa wake tu, bali limetoka kwenye aloi ipi.

Kauri inayotawala soko leo imejengwa kwa kuzingatia historia hiyo. Ni mchanganyiko ambao takriban asilimia 80 ya ujazo ni alumina na asilimia 17 ni chembe ndogo za zirkonia zilizotawanywa ndani yake, pamoja na oksidi ya kromi kidogo inayoipa rangi ya waridi ambayo madaktari huitambua mara moja. Alumina hubana zirkonia kila upande, kwa hiyo chembe moja ikigeuka, ya pili iko mbali na haisikii. Watengenezaji na watafiti wengi wanasema kwamba hata pale mabadiliko yanapoonekana, hukomea kwenye mikromita chache za juu na nguvu ya kichwa haipungui kwa kiasi cha kumdhuru mgonjwa. Kundi la Kyoto linajibu kwamba alumina nayo si shahidi mkimya, kwani chini ya doa la metali hubadilishana oksijeni na zirkonia. Ushahidi wa hospitali mpaka sasa uko upande wa watengenezaji, kwa maana vichwa vya waridi huvunjika kwa nadra sana. Hata hivyo, vilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kijana wa selimundu anakihitaji chake hadi baada ya mwaka 2060.

Zirkonia ya itiria, iliyofukuzwa kwenye nyonga, imeneemeka kwenye meno, na huko wanaoishughulikia ni mafundi wa maabara ya meno. Wao huipaka chuma kwa makusudi, kwani oksidi ya chuma ndiyo inayolipa jino bandia umanjano wake wa asili, lakini tanuri lililotumika kuchomea aloi ya kobalti na kromi, likiingizwa zirkonia bila kusafishwa, hutoa jino lenye rangi isiyotakiwa.

Uchafuzi huweza pia kwenda kinyume, kauri ikaiharibu metali, na kisa mashuhuri zaidi ni cha Marburg, Ujerumani, kilichochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2014. Mwanamume wa miaka 55 alifika hospitalini moyo ukishindwa kazi, macho na masikio yakififia, na tezi ya shingo ikiwa imelegea. Kabla ya hapo kichwa chake cha kauri kilikuwa kimevunjika na kubadilishwa kwa cha metali. Mabaki ya kauri, madogo yasiyoonekana na yasiyoweza kusafishwa yote, yalikuwa yakikisaga kichwa hicho kipya na kujaza kobalti katika damu yake, na daktari aliyelitambua tatizo alisaidiwa na kumbukumbu ya tamthilia ya televisheni. Tangu visa vya namna hiyo vijulikane, kanuni imekuwa kwamba kauri iliyovunjika hufuatwa na kauri, kamwe si metali laini kuliko vipande vilivyobaki.

Kanuni nyingine za chumba cha upasuaji zinaeleweka kirahisi mtu akishaijua sababu yake. Ncha ya mhimili hufutwa damu na mafuta na kukaushwa kabla kichwa hakijapachikwa. Kichwa hugongwa kwa kifaa chenye ncha ya plastiki. Kinaporudishwa kombeni huongozwa kisiguse ukingo. Na kilichoteguka kikarudishwa kwa nguvu huandikwa kwenye faili. Katika upasuaji wa marudio, iwapo mhimili wa zamani umebaki imara, kichwa kipya cha kauri hakipachikwi moja kwa moja juu ya ncha iliyokwisha kutumika, kwa kuwa mikwaruzo yake hukibana kichwa sehemu chache tu na kukipasua, bali ncha hiyo huvalishwa kwanza mkono wa titani unaokaa katikati ya hivyo viwili.

Mkono huo hutengenezwa kwa vipimo vya ncha mahususi, na kampuni hutofautiana kwa nyuzi na sehemu za milimita. Sweden iliweza kufuatilia tofauti kama hizo kwa kuwa imeandikisha nyonga zake tangu 1979, na Malawi ilianza rejista yake mwaka 2005. Nchini Tanzania bidhaa husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019, lakini usajili wa bidhaa hausemi kichwa kipi kimo ndani ya mgonjwa yupi. Taarifa hiyo imo kwenye vibandiko vidogo vinavyokuja ndani ya boksi la kila sehemu, vyenye jina la mtengenezaji, namba ya fungu na kipimo cha ncha, na mpasuaji atakayeifungua nyonga ile ile baada ya miaka 15 atahitaji kibandiko kile kabla hajaagiza mkono wa titani.